Kuharibu na Kuharibikiwa

Sisi tuandikao makala haya ni mume na mke, wote wawili walimu wa Kiswahili katika shule za sekondari upande wa Masaka, nchini Uganda. Kati ya mwaka 2014 na mwaka 2018 tulipoteza mimba tatu. Jambo la namna hii aghalabu halizungumzwi mbele za watu, na pengine msomaji atashangaa kulikuta katika jarida la walimu, karibu na makala ya ngeli na ya methali. Lakini tumeona kwamba sehemu kubwa ya maumivu yaliyotupata ilipitia katika maneno, na maneno ndiyo kazi yetu na yenu. Kwa hiyo twawaomba radhi watakaoona haya, kisha twaendelea.

Mwalimu yeyote ajua kwamba Kiswahili chaweza kulitaja tukio hili kwa njia kadha wa kadha. Husemwa kuwa mwanamke ameharibu mimba. Husemwa kuwa mimba imeharibika, imetoka, au imeporomoka. Husemwa pia, ingawa mara chache zaidi, kuwa mwanamke ameharibikiwa mimba. Kwa mtu asiyejali sarufi, zote hizi ni habari moja. Kwa mwalimu si moja hata kidogo. Katika sentensi ya kwanza mwanamke ndiye mtenda: ameharibu, kama mtoto aharibuvyo daftari, au mbuzi aharibuvyo shamba la watu. Katika zile za pili hakuna mtenda. Jambo limetukia tu, na mwanamke mwenyewe hayumo. Katika ya mwisho mwanamke amerudi, lakini amerudi kama mtu aliyefikwa na jambo. Kitenzi hicho ni ndugu wa kufiwa, kupotelewa na kunyeshewa. Aliyenyeshewa hakuileta mvua.

Lugha ya nyumbani kwetu ni Kiganda, nayo ina mitego yake. Olubuto lwavaamu maana yake mimba ilitoka. Yaggyamu olubuto maana yake aliitoa mwenyewe. Kiswahili nacho kina kutoka na kutoa, na jirani anayeisikia nusu ya habari dirishani huweza kuchukua moja akapeleka nyingine. Katika nchi ambayo sheria yakataza kutoa mimba, isipokuwa pale ambapo uhai wa mama umo hatarini, tofauti hiyo ndogo si mchezo. Mwanamke afikapo hospitali usiku akitokwa na damu, huenda swali la kwanza likawa ni dawa gani aliyokunywa. Sisi tuliulizwa hivyo usiku wa mimba ya kwanza. Muuguzi hatumtaji wala hospitali hatuitaji. Alikuwa amechoka, na yamkini alikuwa ameona mengi kabla yetu. Hata hivyo swali lile lilikaa nyumbani mwetu kwa muda mrefu.

Mimba hiyo ya kwanza ilikuwa ya juma la 9. Ya pili, mwaka 2016, ilifika juma la 11. Baada ya hiyo ya pili alikuja ssenga. Kwa desturi ya Waganda, ssenga, yaani shangazi, dada wa baba, ndiye mlezi wa ndoa ya binti wa kaka yake. Alikuja kwa mapenzi, tusimsingizie. Alileta mitishamba ya kunywa na ya kuogea, akakaa kwetu siku tatu, akapika na kufua. Na katika siku hizo tatu aliuliza. Mwanangu, uliinua nini? Ulibeba dumu la maji? Ulipanda bodaboda? Ulikula nini kwa watu? Ulimkasirikia mumeo ukalala na hasira? Maswali yote yalianza kwa kiambishi kimoja, kile cha nafsi ya pili umoja, na yote yalielekezwa kwa mke. Mume alikuwa ameketi pale pale, wala hakuulizwa alikula nini.

Upande wa mume hakukuwa na maswali, kulikuwa na ushauri. Mtoto wa Kiganda ni wa ukoo wa baba yake, na jina lake hutoka katika hazina ya majina ya ukoo huo. Basi mimba inapopotea, ukoo nao huhisi umenyimwa mtu. Ndugu walimwita mume kando, wakamwambia kwa upole kwamba haifai mwanamume kungoja mlango mmoja tu. Hawakumchukia mke. Walisema ni mwema, lakini anaharibu. Hapo tena kile kitenzi.

Hospitalini tuliambiwa kwamba uchunguzi hufanywa baada ya mimba ya tatu kutoka, hivyo turudi wakati huo. Fikiri, msomaji, maana ya agizo hilo: mtu aambiwa angoje msiba wa tatu ndipo apokelewe. Baadaye tulipata kufahamu kwamba hesabu yenyewe haiko sawa duniani kote. Wataalamu wa uzazi wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2017, wanaanza uchunguzi baada ya mimba mbili; Uingereza wakati huo ilikuwa imebaki na tatu.

Ya tatu ilikuja mwaka 2018, katika juma la 20. Haikuwa na uchungu. Mke alihisi uzito chini ya tumbo wakati wa kusahihisha madaftari, kisha maji yakatoka. Mtoto alizaliwa akiwa mzima wa viungo vyote, mdogo mno asiweze kuishi. Tulimzika pembeni mwa migomba, bila tangazo wala matanga, kwa kuwa wazee wetu hawakuona kwamba amekufa mtu. Siku ya tatu maziwa yakaja. Hilo hakuna aliyekuwa ametuambia. Mwili wa mama haujui kwamba hakuna wa kunyonya. Maadamu mimba imevuka miezi minne au zaidi, maziwa huweza kuja kama kawaida, na matiti yakajaa na kuuma. Mwanamke aliyejifungua kwetu huitwa nnakawere. Jina hilo ni la heshima: hupikiwa, huogeshwa, hutembelewa. Yule aliyetokwa na damu ile ile na maziwa yale yale, lakini hana mtoto wa kuonyesha, hana jina. Alirudi darasani baada ya siku nne, akiwa amejifunga kitambaa kifuani, akafundisha vivumishi.

Hapa twapenda kuyasema yale ambayo elimu ya tiba imekwisha kuyathibitisha, kwa sababu walimu husikilizwa, na pengine kuna mtu kijijini atakayeyasikia kwenu kabla ya kuyasikia kwa daktari. Kwa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2021, mimba zipatazo milioni 23 huharibika kila mwaka duniani, yaani karibu 15 katika kila mimba 100 zinazotambuliwa. Mwanamke mmoja katika kila 10 hivi hupatwa na jambo hili angalau mara moja maishani. Wanaopatwa mara mbili ni karibu 2 katika kila 100, na wa mara tatu au zaidi hawafiki hata 1. Kwa hiyo mara moja ni jambo la kawaida, ingawa ni chungu. Mara tatu ni jambo la kuchunguzwa.

Nyingi ya zile zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza zilikuwa na kasoro ya kromosomu tangu mbegu ya mama na ya baba zilipokutana. Dumu la maji halikuitoa mimba hiyo. Wala ugomvi, wala bodaboda, wala jicho la jirani. Umri una nguvu kubwa: hatari huongezeka baada ya miaka 35 ya mama, na zaidi baada ya 40, na umri wa baba nao umo katika hesabu. Ziko sababu nyingine ambazo hurudia rudia: damu ya mama kuwa nyepesi kuganda kwa sababu kinga ya mwili wake inaushambulia mwili wenyewe, na hiyo hutibiwa kwa asprini kidogo pamoja na heparini, umbo la kizazi kugawanyika kwa ukuta, ugonjwa wa tezi la shingo au wa kisukari usiodhibitiwa. Kwetu Afrika tusisahau malaria na kaswende. Kwa ajili hiyo damu hupimwa katika kliniki ya waja wazito, na vidonge vya kuzuia malaria hutolewa kuanzia mwezi wa nne. Mke anayeanza kliniki katika mwezi wa saba amechelewa kupata faida hiyo.

Na iko sababu ya mlango wa kizazi kulegea na kufunguka mapema pasipo uchungu, hasa baada ya mwezi wa nne. Dawa yake ni uzi. Mwaka 1955 daktari V. N. Shirodkar wa Bombay alieleza namna ya kuufunga mlango huo kwa kushona, na mwaka 1957 Ian McDonald wa Melbourne akaeleza njia iliyo nyepesi zaidi, ambayo hufanywa hadi leo. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado wako wanawake ambao huambiwa wanaharibu, ilhali wanachohitaji ni mshono wa muda mfupi.

Lakini msomaji asidhani kwamba kila tatizo lina jina. Katika nusu ya watu waliopoteza mimba mara kwa mara, hakuna sababu inayoonekana hata baada ya vipimo vyote. Watu hao huuziwa mengi. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na Uholanzi, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuwapa wote homoni ya projesteroni hakukuongeza watoto. Mwingine wa mwaka 2019 ukaonyesha kwamba huenda ikawafaa wale waliokwisha kupoteza mimba na ambao wanatokwa na damu katika mimba changa. Kulala kitandani miezi mitatu hakukuthibitishwa kusaidia. Habari njema, na ni habari ya kweli, ni kwamba wengi wa wasioonekana sababu hatimaye hupata mtoto bila dawa yoyote ya pekee. Sisi tungelipenda kuambiwa hivyo mapema.

Juu ya afya ya mwanamke, watu hutazama damu tu. Damu ni muhimu: kupungukiwa damu, mabaki kubaki katika kizazi, na maambukizo yafuatayo huweza kuua, na homa baada ya mimba kutoka haifai kungojewa hadi asubuhi. Lakini kuna jeraha lisilotoka damu. Uchunguzi wa London na Ubelgiji uliotangazwa mwaka 2020 uliwafuata wanawake waliopoteza mimba changa, pamoja na wale ambao mimba yao ilikuwa nje ya kizazi. Mwezi mmoja baadaye, karibu 3 katika kila 10 walikuwa na dalili za mshtuko mkubwa, kama zile za mtu aliyenusurika katika vita au ajali: ndoto mbaya, kukwepa mahali, moyo kwenda mbio bila sababu. Baada ya miezi tisa bado walikuwa 18 katika kila 100. Katika nyumba yetu dalili hizo zilikuwepo, hatukuwa na jina lake tu. Mke hakuweza kupita penye lango la hospitali ile. Alizunguka kupitia sokoni.

Na ndoa? Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliotazama mimba zaidi ya 7,000, ulikuta kwamba waume na wake waliopoteza mimba walikuwa katika hatari ya kuachana iliyozidi kwa 22 katika mia, ikilinganishwa na wale ambao mtoto wao alizaliwa hai. Marekani si Masaka. Huko hakuna ukoo unaongoja jina. Lakini tulipousoma utafiti huo tuliona kwamba njia ni ile ile. Hatukugombana. Watu hufikiri ndoa huvunjika kwa kelele. Yetu ilikuwa inavunjika kwa adabu. Mke hakulia mbele ya mume ili asimhuzunishe. Mume hakumtaja mtoto mbele ya mke ili asimwumize. Kitanda kilikuwa kimegeuka mtihani wenye tarehe zake, na kila mwezi matokeo yalitoka. Mwishowe tulikuwa tukizungumza habari za mishahara, za mtaala, na za mvua.

Yaliyofuata twayasimulia bila kuyatia chumvi. Mwaka 2019 tulikuwa tukitayarisha pamoja mtihani wa mnyambuliko wa vitenzi. Mmoja wetu aliandika orodha: fa, fiwa, potea, potelewa, nyesha, nyeshewa, haribika, haribikiwa. Palihitajika sentensi ya mfano kwa kila kitenzi. Tulipofika katika kile cha mwisho kalamu ilisimama, na mwingine akasema kwa sauti, kana kwamba anasoma imla: "Tumeharibikiwa mimba tatu." Nafsi ya kwanza wingi. Kisarufi sentensi hiyo haina kosa lolote. Kitenzi hicho champokea mume kama kimpokeavyo mke. Haribu humtaka mmoja awe mtenda, lakini haribikiwa haiulizi ni nani aliyebeba.

Hatusemi kwamba sarufi ilitutibu. Twasema tu kwamba usiku ule tulizungumza hadi saa nane, na tulizungumza kwa Kiswahili. Wenzetu wa Uganda wataelewa jinsi jambo hilo lilivyo la ajabu. Kwa miaka mingi Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya askari, lugha ya kizuizini na ya amri. Wazee wengi hata leo wakikisikia huangalia mlangoni. Kumbe kwa sababu hiyo hiyo kilikuwa kitupu kwetu kwa habari hii. Hakuna ssenga aliyekuwa ametuuliza lolote kwa Kiswahili. Hakuna ndugu aliyekuwa ametushauri kwa lugha hiyo. Tuliweza kusema neno mtoto bila kusikia sauti ya mtu mwingine ndani yake. Mume ndipo alipoeleza kwamba yule wa tatu alikuwa amempa jina la ukoo kimoyomoyo, tangu juma la 14, na kwamba alilitamka peke yake siku ya kuzika. Mke alikuwa hajui. Jina hilo hatuliandiki hapa.

Baada ya hapo tulikwenda pamoja kwa ssenga, na huko ilitubidi kurudi katika Kiganda. Hatukutumia kitenzi cha kutoka. Tulisema "Twafiirwa", yaani tulifiwa. Neno hilo ni ndugu wa damu wa kufiwa kwetu, na katika Kiganda lina wajibu wake: alisikiaye huketi, hunyamaza, hutoa pole, haulizi uliinua nini. Bibi yule aliketi kwenye mkeka muda mrefu. Kisha akatuhesabia wa kwake mwenyewe, wawili, kabla ya binti yake wa kwanza. Katika siku zile tatu za maswali hakuwa ametuambia.

Mimba ya nne ilishonwa katika juma la 13 na haikutoka. Twaitaja kwa haraka kwa sababu wako wasomaji ambao yao haitashonwa, au itashonwa na kutoka, na hatutaki makala haya yawe ya kujisifu. Tena mimba inayofuata misiba si furaha kama wadhaniavyo wageni. Kwa miezi yote ile mke alikwenda msalani akiwa na hofu ya kuona damu, na mume nje akasikiliza. Mtoto anasoma chekechea sasa. Karatasi za hospitali zikiuliza mama amepata mimba ngapi, mke huandika 4.

Liko jambo moja zaidi la kuwafaa walimu wenzetu wa Uganda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yampa mfanyakazi wa kike siku 60 za kazi za likizo kwa ujira kamili kwa ajili ya ujauzito, na yaagiza kwamba angalau majuma manne yafuate kujifungua au kuharibika kwa mimba. Mume naye hupewa siku nne za kazi mke wake akijifungua au mimba ikiharibika. Mwaka 2018, katika shule zote mbili tulizofundisha, hakuna aliyelitaja jambo hilo, na kifungu hicho tulikisoma baada ya miaka miwili. Wakuu wa shule waweza kukibandika katika chumba cha walimu. Hakichukui nafasi kubwa ukutani.

Kwa wenzetu wa Kigali, Bujumbura, Bukavu na Kisangani tuna ombi. Kiswahili chenu kimeishi karibu na lugha nyingine, na bila shaka kina njia zake za kulitaja jambo hili ambazo hazimo katika kamusi zetu. Tuandikieni kupitia kwa mhariri: husemwaje kwenu, nani husema, mbele ya nani, na je, mume huingia katika sentensi au hubaki nje? Majina ya watu hayahitajiki. Sentensi nzima yatosha, pamoja na jina la mji.